Kejeli, Pakruok na Haki ya Kujibu: Uhakiki wa Istilahi kwa Ushahidi wa Homa Bay na Migori

1. Utangulizi

Miongoni mwa istilahi za uhakiki zinazotumiwa kila siku katika madarasa yetu, ni chache zinazotajwa sana na kuchunguzwa kidogo kama kejeli. Ukimwuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kejeli ni nini, atakujibu bila kusita kwamba ni kusema kinyume cha unachokusudia kwa nia ya kumdharau mtu. Ukimwuliza kinaya ni nini, atakupa jibu lilo hilo, ila ataiondoa ile dharau. Ukifika kwenye tashtiti utakuta kwamba wengine hulitumia neno hili kwa maana ya fasihi yenye kuumbua maovu ya jamii, na wengine kwa maana ya swali ambalo mwulizaji analijua jibu lake. Ni dhahiri kwamba hapa pana maneno mengi na mipaka michache.

Makala haya hayakusudii kutunga istilahi mpya. Yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba fasili ya kejeli kuwa ni "kinyume" haitoshi, kwani kejeli iliyo kali kabisa yaweza kusemwa kwa maneno ya kweli tupu. Pili, kwamba kejeli haiwezi kuhakikiwa kwa kuyatazama maneno peke yake. Hapana budi kuwatazama watu watatu: msemaji, msemwa na msikilizaji; na juu ya yote kuuliza kama huyo msemwa anayo zamu ya kujibu. Palipo na zamu, kejeli ni ucheshi na ni sanaa. Pasipo na zamu, maneno yale yale huwa ni uonevu.

Ushahidi wetu mkuu unatoka Homa Bay na Migori, nchi ambayo zamani iliitwa Wilaya ya Nyanza Kusini na ambayo tangu mwaka 2013 ina serikali mbili za kaunti. Mwandishi amezaliwa huko, na hilo asomaye azingatie, maana yawezekana mapenzi yamemzidi. Lakini iko sababu nyingine ya kulichagua eneo hilo. Waluo, Wakuria, Wasuba, Waabagusii, Waluhya na Wasomali hukutana katika masoko yake, na mpaka wa Tanzania uko karibu. Kiswahili huko si lugha ya mama ya wengi, bali ni lugha ya kununuliana, kuoana na kutaniana. Mahali kama hapo ni maabara njema kwa mtu anayetaka kujua jinsi watu wanavyoumana kwa maneno wasitoane damu.

2. Maana na asili ya istilahi

Tuanze na Wayunani, kwa kuwa fasili inayofundishwa katika shule zetu, kwa njia ya Kilatini na Kiingereza, imetoka kwao. Neno walilotupatia Wazungu kwa kejeli latokana na kitenzi sarkazein, yaani kuchana nyama kama wafanyavyo mbwa. Kwa hiyo asili yake haina habari ya kinyume wala ya uongo. Ina habari ya meno na mwili. Ni baadaye tu, katika vitabu vya balagha, ndipo kejeli ilipowekwa chini ya eironeia, yaani ile tabia ya mtu anayejifanya hajui ilhali anajua, na wazo la kinyume likashika mizizi. Aristotle naye, alipokuwa akizieleza tabia za vijana katika kitabu chake cha balagha, aliuona ucheshi kuwa ni ufidhuli uliopata malezi. Tuyashike maneno haya, malezi na ufidhuli, kwani tutayarudia.

Kiswahili hakikuwa kikingojea Wayunani. Tunalo neno kijembe, ambalo kwanza ni kisu au wembe mdogo, na kisha ni neno la mafumbo lenye kuchoma. Ajabu ni kwamba lugha mbili ambazo hazikushauriana zimefikia taswira moja, ya kitu kinachokata nyama. Lakini iko tofauti ambayo haifai kupuuzwa. Mbwa huchana ili ale. Kijembe hushikwa na mkono wa mtu, na mkono huo waweza kuwa wa adui au wa mganga anayetumbua jipu. Chombo ni kimoja, na hukumu ipo kwa mshikaji.

Maneno mengine yametujia kutoka Kiarabu na kila moja lina mzigo wake. Dhihaka ina mzizi wa kucheka. Stihizai ni kumfanyia mtu mzaha wa dharau. La muhimu zaidi kwa hoja yetu ni kinaya. Katika elimu ya balagha ya Waarabu, iliyokuzwa na wataalamu kama Abdulqahir al-Jurjani aliyeishi katika karne ya 11, kinaya si kusema kinyume hata kidogo. Ni kuliacha jambo lenyewe na kuitaja alama yake. Mtu mkarimu husemwa kuwa ana majivu mengi, kwani mwenye wageni wengi hupika sana, na apikaye sana majivu yake hurundikana. Msikilizaji ndiye anayetoka kwenye majivu akafika kwenye ukarimu. Sisi tumelichukua neno hili zuri tukalivika maana ya Kizungu, na katika kufanya hivyo tumejinyima jina la kitu ambacho, kama tutakavyoona, wasanii wetu wanakifanya kila siku.

Dholuo nacho hutenganisha jaro, yaani kudhihaki, na nyiero, yaani kucheka. Na pembeni mwa hayo mawili kipo kitu cha tatu, ambacho si dhihaka tupu wala si kicheko tupu. Hicho ndicho pakruok.

3. Pakruok: sifa zenye miiba

Umbo la neno lenyewe ni somo. Pako ni kusifu. Kiambishi -ruok humrudishia mtendaji tendo lake. Kwa hiyo pakruok ni kujisifu. Lakini anayedhani kwamba hapa pana majivuno tu hajapata kukaa karibu na mpiga nyatiti. Mpigaji huyo huketi chini na chombo chake chenye nyuzi 8, njuga za gara zikiwa miguuni, na pete ya chuma iitwayo oduong'o katika kidole gumba cha mguu, ambayo kwayo hugonga ubao wa chombo na kushika mapigo. Nyimbo za benga, zilizokuja baadaye na magitaa, zilirithi mengi kutoka kwenye vidole vyake, na zilirithi pia desturi hii: wakati wowote msikilizaji anaweza kutoa fedha, akausimamisha wimbo, akajisifu mbele ya watu, kisha muziki ukaendelea. Na mwingine naye anaweza kutoa zake, akausimamisha tena, akamjibu.

Maneno yaliyosemwa na watu katika sherehe zao si yangu kuyachapisha. Nimetunga mfano unaofuata kwa Kiswahili kwa kuigiza mwenendo wao, si maneno yao. Wa kwanza asema: "Mimi ni ziwa. Wavuvi hunitukana asubuhi, jioni wakala kutoka kwangu." Wa pili asimamisha: "Mimi ni jua la saa saba. Ziwa hulipigia kelele, nami nalinywa kidogo kidogo." Wa tatu, mtu mpole aliyekuwa pembeni, atoa sarafu yake na kusema: "Nawashukuru wakubwa wote wawili. Ziwa ni kubwa kweli. Hata vyura wakiliona humwita baba."

Hapo ndipo watu huanguka kwa kicheko, na hapo ndipo fasili yetu ya darasani inapoanguka pia. Tulitafute lile neno lililosemwa kinyume. Ziwa ni kubwa: ni kweli. Vyura hukaa ziwani: ni kweli. Shukrani yenyewe, kwa kadiri tuonavyo, ni ya dhati, maana bila majisifu ya wale wawili huyu wa tatu asingekuwa na la kusema. Paul Grice, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1975 juu ya mantiki na mazungumzo, alieleza kejeli ya namna hii kuwa ni uvunjaji wa makusudi wa kanuni ya kusema kweli, ambao humfanya msikilizaji atafute maana nyingine. Lakini hapa kanuni hiyo haikuvunjwa. Dan Sperber na Deirdre Wilson wanakaribia zaidi. Mwaka 1981 walidai kwamba katika kinaya msemaji hayatumii maneno kama yake, bali huyataja kama mwangwi wa maneno ya mwingine, huku akionyesha msimamo wake juu ya maneno hayo. "Ziwa ni kubwa kweli" ni mwangwi wa majisifu ya wa kwanza, na vyura wameletwa ili waufanye mwangwi huo usikike vibaya. Nadharia hii inatufaa, na ni vema ikaingia katika mihadhara yetu.

Hata hivyo, haitufikishi mwisho wa safari. Mwangwi unaeleza jinsi kejeli inavyofahamika. Hauelezi kwa nini yule aliyeitwa baba wa vyura anacheka kuliko wote, na badala ya kuondoka kwa hasira anapapasa mfuko wake atafute sarafu nyingine. Jibu letu ni kwamba anacheka kwa sababu zamu yake inakuja. Desturi imemhakikishia kwamba neno la mwisho halijasemwa. Kejeli katika pakruok ni deni, na deni baina ya watu wanaoaminiana si tusi.

Hili halipatikani kwa Waluo peke yao. Utani wa makabila nchini Tanzania una sheria iyo hiyo: mtani hakasiriki, naye atapata wakati wake. Katika pwani, mwanzoni mwa karne ya 19, ushindani wa Mombasa na Lamu uliofikia kilele chake katika vita vya Shela karibu na mwaka 1812 uliandamana na majibizano ya mashairi, na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, amebaki kuwa kigezo cha ulimi mkali hadi leo. Mshairi aliyechokoza alijua kwamba atajibiwa kwa vina na mizani, na akachagua maneno yake kwa hofu hiyo. Huenda ndiyo maana maneno hayo yamedumu.

Wala malezi ya ulimi huo hayakuachwa yaje yenyewe. Katika mila za Waluo, wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya mama mzee, na huko walifundwa kwa hadithi, vitendawili na utani. Nyanya na wajukuu walikuwa na ruhusa ya kutaniana ambayo mama na binti hawakuwa nayo. Mtoto aliumwa kwa ulimi na mtu ampendaye, akajibu, akachekwa, akajibu tena vizuri zaidi. Huo ndio ufidhuli uliopata malezi, na Aristotle hakuhitajika.

Hapa pana pingamizi la haki ambalo hatuna budi kulikabili. Mtu atasema: haki ya kujibu inayonunuliwa kwa fedha ni haki ya wenye fedha. Ni kweli. Pakruok hustawi pale ambapo mifuko ya watu hailingani sana, au pale ambapo sarafu ndogo yatosha kuusimamisha wimbo. Anapoingia mtu mmoja mwenye noti nyingi kuliko ukumbi mzima, kejeli hukoma mara moja na kubaki sifa tupu, na mwimbaji huwa karani wa tajiri. Lakini pingamizi hili haliivunji hoja yetu, bali laithibitisha. Zamu ikishafungwa, sanaa nayo hufa.

4. Nyani wa Misiani: kejeli inayopanda

Tumezungumzia kejeli baina ya walio sawa. Je, mnyonge amkejelipo mwenye nguvu? Hapa mfano wetu bora ni Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 katika sehemu za Shirati mkoani Mara, ng'ambo ya mpaka wa Migori, akafanya kazi yake ya muziki nchini Kenya na bendi yake ya Shirati Jazz, na kufariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka 2006. Wapenzi wa benga humhesabu miongoni mwa waasisi wa muziki huo. Wahakiki wa fasihi wangepaswa kumhesabu miongoni mwa mabingwa wa fumbo la kisiasa, maana katika nyimbo zake wanyama na visa vya Biblia vilibeba habari za watawala, na kwa ajili ya nyimbo hizo alipata kukamatwa.

Mmoja wa nyimbo zake unaojulikana sana unaitwa Bim en Bim, yaani nyani ni nyani. Tulitazame jina peke yake. Hakuna sentensi iliyo kweli kuliko hiyo. Mwanafunzi wa mantiki angeiita kweli isiyohitaji ushahidi. Hapana kinyume ndani yake, na hapana tusi kwa mtu yeyote. Lakini msikilizaji hana budi kujiuliza: kwa nini mtu mzima asimame mbele ya gitaa atuambie kwamba nyani ni nyani? Naye Mswahili, ambaye tangu utoto amesikia kwamba nyani haoni kundule, tayari ameshaanza kutafuta nyani wake. Hii ndiyo kinaya kwa maana yake ya kale: mwimbaji ametaja majivu, akamwachia msikilizaji autafute moto.

Tofauti ya kejeli hii na ile ya pakruok ni kwamba msemwa hapa anazo njia nyingi mno za kujibu, na si zote za maneno. Ndiyo sababu kijembe kinafichwa. Msemaji hawezi kuimaliza sentensi. Humpa msikilizaji aimalizie kimoyomoyo, na kwa hiyo wote wawili wanakuwa na hatia moja. Katika fasihi andishi ya Kiswahili tuna jambo linalofanana na hili. Fortunatus Kawegere alipotupatia Shamba la Wanyama mwaka 1967, nguruwe wa George Orwell walipata wasomaji ambao kila mmoja alikuwa na shamba lake akilini. Katama Mkangi alikwenda mbali zaidi katika riwaya yake ya mwaka 1995, kwani jina Walenisi likivunjwa ni "wale ni sisi". Anayewacheka wale amejicheka. Mwandishi amejiweka ndani ya kundi la wanaosemwa, kama afanyavyo mtu wa pakruok anayejiita ziwa akijua kwamba vyura watatajwa.

5. Kejeli inayoshuka

Imebaki kejeli ya tatu, ambayo wasomaji wa jarida hili tunaijua kwa sababu tunaitenda. Dholuo hakina sauti ya sh, wala z, wala v. Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo huanza kwa kusema "sule" na "suri". Hili si kosa la akili. Ni jambo la fonolojia, na hurekebishwa kwa mazoezi. Lakini katika vichekesho vya redio na runinga, matamshi hayo yamegeuzwa kuwa mtaji, na kutoka huko yameingia darasani.

Nilipokuwa shule ya msingi, jirani yangu wa dawati aliinuliwa asome kifungu. Akasema "sule". Mwalimu, ambaye simtaji wala sitaji shule, akaweka chaki chini na kusema kwa upole mkubwa: "Watoto, mshangilieni. Tumepata sheikh kutoka Lamu." Tukashangilia. Nami nilishangilia. Kwa fasili ya vitabu, ile ilikuwa kejeli kamili: sifa kinyume, msemwa, wasikilizaji, kicheko. Kwa kipimo tunachokipendekeza hapa, haikuwa ucheshi hata kidogo, kwani yule mtoto hakuwa na sarafu ya kuusimamisha wimbo. Na jibu lilikuwepo! Mwalimu mwenyewe alikuwa akisema "zambi" kwa "dhambi" na "zahabu" kwa "dhahabu", ilhali Mluo, ambaye lugha yake ina th na dh za menoni, hapati taabu na sauti hizo. Angalikuwa ni mtu mzima katika sherehe, mwenzangu angalisema neno moja na ukumbi ungalimbeba. Lakini alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Aliketi, na kwa miaka iliyobaki hakufungua tena kinywa katika kipindi cha Kiswahili.

Miaka mingi baadaye, niliporudi kutoka masomoni ng'ambo, nilimkuta akiuza samaki Homa Bay. Kiswahili chake kilikuwa kikitiririka, maana wateja wake hutoka Kisii na Migori na hana lugha nyingine ya kuwauzia. Akaniona, akaniambia: "Karibu, omera. Samaki wa hapa hawajui 'sh', lakini wanaliwa." Nikamjibu: "Basi nipimie wawili wasiojua. Wanaojua hukwama kooni." Akacheka, akaniongezea mmoja. Sokoni, zamu ilikuwepo. Darasani, ambako Kiswahili kilipaswa kuwa chake pia, haikuwepo. Mtu huyo alijifunza lugha yetu licha yetu.

6. Hitimisho

Tumeona kejeli tatu: inayokwenda baina ya walio sawa, inayopanda na inayoshuka. Maneno yake yanaweza kufanana kabisa. Kinachozitenga ni nafasi ya msemwa. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwanafunzi anapoulizwa kuhusu kejeli katika tamthilia, riwaya au wimbo, asiishie kwenye "kusema kinyume", bali ajibu maswali manne: nani anasema, anamsema nani, mbele ya nani, na msemwa ana njia gani ya kujibu. Tunapendekeza pia kwamba neno kinaya lirudishiwe sehemu ya maana yake ya asili, ili tupate kuitaja sanaa ya akina Misiani kwa jina linaloistahili.

Upo msemo wa Waingereza kwamba kejeli ni daraja ya chini kabisa ya ucheshi. Kwa kejeli inayoshuka, msemo huo hauna ubishi. Kwa zile nyingine mbili, aliyeutunga hakupata kuketi Homa Bay wimbo unaposimamishwa. Wahenga wetu walikuwa waangalifu zaidi waliposema kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Usaha, kama ajuavyo kila mganga, hutoka pale palipokatwa, na kijembe kilicho mkononi mwa mwalimu hukata mtoto asiye na kijembe chake.

Mwandishi atashukuru kupata maoni ya wasomaji, hasa wanaofahamu utani wa Wakuria na Wasuba, ambao makala haya yamewataja tu bila kuwatendea haki. Zamu ni yao.